Wastaafu wawili kijijini: wiki ya ratiba au ya kujiachia?

Mkishastaafu mkahamia shamba siku 7 zinafanana balaa, Jumatatu huitofautishi na Alhamisi, sasa kuna wanaopanga kila siku na kazi yake na kuna wanaoamka tu waone siku itaendaje. Kujiachia ni kutamu mwanzoni, kweli mnapumzika, ila baadae mnaanza kugombana bila sababu na bustani inamwagiliwa saa sita mchana jua kali, maji mengine yanakauka kabla hayajafika kwenye mizizi. Ratiba inabana, lakini mboga zinapata maji asubuhi, dawa za presha hazisahauliki na safari ya mjini inakua moja, nauli moja. Mi nachagua ratiba, ila ya siku 4 tu, zile 3 kila mtu na hamsini zake, jioni mnakua na stori za kupeana.