Baa nyuma ya redio mbovu, Lubumbashi

Mchana ukipita pale utaona duka la fundi redio tu, hatua chache kutoka Posta. Jioni unaingia, unamwamkia kijana wa mezani, naye anasukuma kabati la redio mbovu. Kumbe ndio mlango! Jina silitaji, wenyewe hawataki litangazwe.

Ndani taa ni hafifu, viti vya ngozi vimepasuka-pasuka, gramafoni iko pembeni, na ukutani kuna picha za mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, bomba la kiwanda cha shaba likifuka moshi. Mtindo wenyewe ni wa Marekani, ule wa miaka ya 1920 hadi 1933 pombe ilipopigwa marufuku na watu wakanywa kwa kujificha.

Niliagiza Old Fashioned, kokteli ya wiski. Kijana aliponda kidonge cha sukari na matone ya bita (kiungo kichungu cha kutia ladha), akamwaga wiski, akatia pande moja la barafu safi kama kioo, halafu akaliminya ganda la chungwa juu yake. Harufu ilinifikia kabla ya glasi. Pombe yenyewe inapanda kichwani polepole, haina haraka. Kwa kinywaji sina neno. Dola 12, lakini! Na noti yangu yenye mpasuko mdogo kama ukucha ikakataliwa.

Umeme ulikatika mara mbili, na jenereta lao linanguruma chini ya dirisha la choo. Menyu ni Kifaransa na Kiingereza peke yake. Mjomba, niliyekuwa naye, aliuliza kwa Kiswahili, akajibiwa Kifaransa. Hilo lilinikera kuliko bei.

Mjomba ni mzaliwa wa Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika hapa mjini, amepita miaka 70. Alizitazama zile picha kwa muda mrefu, akasema, "Mama alikuwaka na ya kwake."

Wakati wa Wabelgiji Mwafrika hakuruhusiwa pombe kali, na usiku hakutakiwa kuonekana huku mjini kwa wazungu. Bibi, huyo mama yake, alikuwa akipika lutuku, pombe kali ya kienyeji ya mahindi, nyuma ya nyumba. Mteja hakutaja pombe. Alibisha mlango wa uani akaulizia chumvi. Mjomba, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akichungulia kama askari wanakuja.

Alipomaliza kusimulia akamwita kijana, akainama, akamnong'oneza, "Mutoto, niko na lazima ya chumvi."

Akaletewa kisahani cha chumvi, na kijiko.