Uzoefu wangu: Apache Jena Fuseki na fremu za JSON-LD katika kumbukumbu za korosho, Newala

Ninatunza kumbukumbu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja wilayani Newala, na kwa misimu miwili sasa ninatumia Apache Jena Fuseki, seva ya bure ya data zilizounganishwa, ambayo nimeiweka kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Humo mkulima ameunganishwa na mashamba yake na stakabadhi zake, na kila stakabadhi imeunganishwa na ghala lililopokea mzigo na mnada uliouuza. Nilichotaka ni kumwita mkulima mmoja, aje na vyake vyote, kila kitu kikiwa mahali pake.

Nilianza na SELECT ya SPARQL, lugha ya kuulizia data za namna hii, nayo ikaniaibisha. SELECT hurudisha jedwali, na jedwali halijui kipi kimo ndani ya kipi. Mama mmoja mwenye mashamba mawili na stakabadhi tatu, za kilo 412, 380 na 208, alitoka katika mistari sita, kila stakabadhi ikiwa imeandikwa mara moja kwa kila shamba. Nami nikajumlisha bila kutazama, akasomeka kilo 2,000 badala ya 1,000. Karani wa ghala ndiye aliyeniuliza hizo nyingine zimelala wapi.

Nikahamia CONSTRUCT, aina nyingine ya swali la SPARQL, ambayo hurudisha mahusiano yenyewe. Na kwa kuwa uhusiano uleule hata ukijirudia huhesabiwa mmoja, kilo zikarudi 1,000. Hata hivyo matokeo yalikuwa bado yametandazwa, kama korosho zilizoanikwa kabla ya kupangwa madaraja. Kazi ya kuyapanga ninaiachia fremu ya JSON-LD (namna ya kuandika data zilizounganishwa), ambayo toleo lake la 1.1 lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Julai 2020, na ninaiendesha kwa maktaba ya Python iitwayo PyLD. Unaandika umbo unalolitaka, yaani mkulima, ndani yake stakabadhi, ndani ya stakabadhi ghala, na jibu huja katika umbo hilohilo.

Mambo mawili yalinichelewesha, yote kwa kutosoma maelezo vizuri. Ghala linalotumiwa na wakulima wengi lilionekana kamili kwa wa kwanza tu, na kwa waliofuata kikabaki kitambulisho kitupu, hadi nilipoweka kwenye fremu "@embed": "@always", yaani kionyeshwe kamili kila mara. Tena, mwenye stakabadhi moja hakupewa orodha bali kitu kimoja kilicho peke yake, na programu yangu ya kuchapa ikagoma. Kwenye muktadha, yaani sehemu inayoeleza maana ya majina yaliyotumika, nikaongeza "@container": "@set", ili iwe orodha daima, ikatulia.

Njia hii nzima ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu mpangilio wa tarehe hauhifadhiwi, hivyo stakabadhi ya Desemba huweza kutangulia ya Oktoba, na kila ripoti sina budi kuzipanga upya mwenyewe kabla ya kuzichapa.