Ziara ya kutafuta visukuku iliyoisha mikono mitupu: uzoefu wangu

Nimeipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kiongozi wetu. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa nitakayoyasema yanazihusu ziara nyingi za namna hii: unalipia siku nzima mashambani, unaazimwa nyundo, tindo na miwani ya kukinga macho, unapewa mtu anayeijua miamba, kisha mnashinda makorongoni mkitafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika miamba. Sisi tulishinda tangu asubuhi hadi jua linazama na hatukupata kitu. Hata jino la samaki hatukuliona, wala kipande cha kombe.

Iliniuma sana. Mambo haya nayapenda kwa dhati, na nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Kilichozidisha maumivu ni tangazo la kampuni, lililoahidi kwamba kila mgeni ataondoka na kisukuku alichokiokota kwa mkono wake. Ahadi hiyo ndiyo iliyowapunguzia nyota. Anayeijua kazi hii hawezi kuitoa. Mnyama akifa, kwa kawaida huliwa au huoza, na mifupa yake hupasukapasuka juani hadi ikapotea. Ili abaki, lazima afunikwe upesi na tope, mchanga au majivu ya volkano. Maji yenye madini yaipenye mifupa yake. Tabaka lililomfunika linusurike na joto na mgandamizo wa mamilioni ya miaka. Halafu mvua na upepo vimfichue katika kipindi kile kile ambacho kuna mtu anapita hapo akiwa na macho ya kuona. Mmomonyoko ukichelewa, bado yumo ndani ya mwamba. Ukiwahi, ameshasagwa na kuchukuliwa na mto.

Asubuhi tulitembea chini ya kingo za korongo tukikagua mawe yaliyoporomoka. Hapo kiongozi alifanya sawasawa: hakuturuhusu kuugonga mwamba wenyewe kabla ya kumaliza yaliyolala chini, kwa sababu kipande kilichoanguka ndicho kinachokuonyesha tabaka la kupandia. Jua la utosi lilipofika akatupumzisha. Alituambia saa hizo mwanga hufuta vivuli, na mtafutaji hutegemea kivuli kutambua umbo lisilo la jiwe la kawaida. Asubuhi na alasiri, jua likiwa chini, hata ukingo mwembamba wa kombe huonekana.

Alasiri ndipo mioyo ilipozama. Mwenzetu mmoja alipasua bamba la jiwe akakuta michoro myeusi iliyotawanyika mithili ya majani ya kangaga. Tulimzunguka sote kwa furaha. Kiongozi akatoa lenzi yake inayokuza mara 10, akampa kila mtu atazame kwa zamu. Hakukuwa na mshipa wa jani wala kikonyo. Ni madini ya manganizi, akasema, yaliyoingia na maji kwenye ufa wa jiwe yakajitandaza kwa matawi yalipokuwa yakiganda. Huwadanganya watafutaji dunia nzima. Alilieleza kwa upole, bila kumvunjia mwenzetu heshima, lakini baada ya hapo watu walikaa kimya, na wawili wakaanza kukusanya vitu vyao.

Nikamwuliza, "Dada, tumekosea mahali?"

"Hatujakosea, ndugu yangu. Korongo ni hili hili. Sasa nisomee ukuta huu uniambie kwa nini hauna kitu."

Kwa hapo ndipo ziara hii, kwangu, ilipoanza kustahili pesa zake. Alitusimamisha mbele ya ukingo tukausoma kuanzia chini kwenda juu. Chini kabisa palikuwa na kokoto za mviringo zilizoshikamana: mto wenye nguvu, na mto wa namna hiyo huponda makombe na mifupa. Juu yake mchanga mnene mwekundu. Wekundu ule ni chuma kilichopata hewa kwa wingi, na palipo na hewa kwa wingi mizoga huoza ikaisha. Juu zaidi, kokoto tena. Katikati ya mchanga ulipita mstari wa udongo wa kijivu, laini, usiozidi upana wa kiganja. Maji yaliyotulia, labda dimbwi au ziwa dogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameushughulikia, maana ulionekana mtupu.

Akatuambia tuandike yote: tabaka gani, unene wake, rangi, ukubwa wa chembe, mahali hasa, na kwamba hatukuona kisukuku. Wengine waliona ni kujifariji tu. Mimi nakubaliana naye kabisa. Mwaka 1999 kikosi cha akina Neil Shubin, mtafiti wa visukuku kutoka Marekani, kilianza kutafuta katika Aktiki ya Kanada samaki wa kale waliokuwa wakikaribia kutoka majini. Mahali walipoanzia, kisiwa cha Melville, miamba yake ilitokana na bahari yenye kina kirefu mno kwa samaki wa aina hiyo. Shida hiyo ndiyo iliyowafanya wahamie mashariki, kisiwa cha Ellesmere, kwenye mashapo ya mito ya kale, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, mwenye umri wa takriban miaka milioni 375 na mapezi yenye mifupa iliyopangika karibu kama mkono. Mahali patupu palikuwa pamewaambia waelekee wapi.

Nikamkumbuka pia Kamoya Kimeu, mtafutaji mashuhuri wa visukuku wa Kenya. Mwaka 1984, karibu na Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, alitoka kutembea siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika, akaona kati ya changarawe kipande kidogo cha fuvu chenye rangi inayokaribiana na ya mawe. Kipande hicho kikazaa mifupa ya karibu mwili mzima wa kijana wa Homo erectus, binadamu wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Nilipolitazama korongo letu nikajua macho yangu hayajafika hapo, na kwamba yanaweza kufundishwa.

Kabla ya kuondoka, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, kiongozi alituruhusu kila mmoja achukue mfuko mdogo wa ule udongo wa kijivu, akatufundisha kuushughulikia. Unaukausha vizuri kwanza. Udongo mkavu kabisa ukitiwa maji hubomoka, ulio na unyevu hung'ang'ania. Unauloweka na magadi kidogo hadi usambaratike, unaupitisha kwenye chekecheo chembamba ambacho matundu yake hayafiki sehemu ya kumi ya milimita, unausuuza taratibu mpaka maji yawe maangavu, kisha unakausha mabaki na kuyatazama kidogo kidogo chini ya lenzi juu ya karatasi nyeusi. Kazi hiyo inachosha shingo na macho, na mimi niliifurahia kila dakika. Mfuko wangu ulitoa magamba ya ostrakodi, viumbe wadogo wa majini wa jamii ya kaa na kamba, wenye magamba mawili yanayofunika mwili mzima. Mengi hayafiki milimita moja. Nimeyahifadhi kwenye kichupa chenye lebo ya mahali na tabaka, na nimempelekea kiongozi maelezo.

Sasa malalamiko yangu, kwa sababu haya ni maoni ya mteja.

Tulipokuwa tukipanda gari, mfanyakazi mwingine wa kampuni alimpa kila mgeni amonaiti iliyong'arishwa, yaani kisukuku cha kombe la mzunguko la mnyama wa kale wa baharini, "zawadi ya faraja," ili ahadi ya tangazo iwe imetimia. Nilimwuliza ilitoka wapi. Hakujua. Niliirudisha. Kisukuku ambacho hakijulikani kimetoka nchi gani na tabaka gani kimepoteza habari zake karibu zote, na katika nchi nyingi kuvichukua au kuviuza bila kibali ni kosa. Kampuni inayopeleka watu kuipenda historia ya dunia isiwagawie vitu vya aina hiyo, wala isimfanye mgeni aamini kwamba siku bila kitu mfukoni ni deni la kulipwa kwa bidhaa ya dukani.

La pili ni kofia ngumu. Hazikutosha, na ukingo ule ulikuwa ukidondosha mawe. Kiongozi alituhamisha mbali na ukuta kila mara, lakini usalama usibaki mabegani mwa mtu mmoja. Nyundo na tindo zilikuwa nzuri, miwani imechubuka ila inafaa.

Kwa anayefikiria ziara kama hii, waulize kabla ya kulipa: mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini, maana baada ya mvua ndipo vitu vipya hufichuka, kibali cha mwenye ardhi na cha mamlaka kipo, na siku isipotoa kitu, alasiri mtafanya nini. Jibu la swali hilo la mwisho litakueleza mengi kuliko picha za tangazo. Ukiwa na watoto wadogo, ningesubiri wakue kidogo, kwa kuwa kutembea ni kwingi na kuokota ni kwa nadra.

Nimeshaandikisha jina langu kwa ziara ya kiongozi huyo huyo baada ya msimu wa mvua, safari hii kwenye korongo la jirani ambako anadhani ule udongo wa kijivu ni mnene zaidi. Nimemwandikia meneja kuhusu tangazo na kofia. Akijibu, na akibadilisha, nitarudi kuongeza nyota.