Baiskeli kutoka Mâcon hadi Chalon bila magari: uzoefu wangu

Nianze na swali ninaloulizwa zaidi: mtu asiye mwendesha baiskeli anaiweza safari hii? Anaiweza. Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea Lyon, Ufaransa, akitokea Tanga, na baiskeli alikuwa ameiacha tangu shule ya msingi. Alinyonga kutoka Mâcon hadi Chalon-sur-Saône, kama kilomita 70, tukilala njiani. Mapaja yalimuuma, na malalamiko yake niliyasikia ya kutosha, lakini hakupigiwa honi hata mara moja. Kwa mtu aliyezoea kukimbia bodaboda barabarani, hilo si jambo dogo.

Siri ni kwamba njia yenyewe ni reli iliyong'olewa. Zamani treni zilipita hapa kuunganisha Mâcon, Cluny na Chalon, kusini mwa Bourgogne. Zilipoacha kupita, vyuma na mataruma vikaondolewa, lami ikamwagwa, na mwaka 1997 kikafunguliwa kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44. Wafaransa wanakihesabu kuwa voie verte (“njia ya kijani”, isiyo ya magari) ya kwanza nchini mwao. Siku hizi ziko karibu kila mkoa. Faida ya kurithi njia ya treni unaihisi magotini. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde kifusi na kutoboa handaki ili mwinuko uwe wa polepole. Unapanda bila kujua kwamba unapanda. Unagundua pale tu unapoacha kunyonga na baiskeli nayo inasimama.

Kibao cha bluu chenye picha ya baiskeli, mtembea kwa miguu na farasi kinamaliza sheria yote: magari na pikipiki haviingii. Baiskeli za umeme zenye kusaidia pedeli zinaruhusiwa, na kwa kweli wazee wengi tuliopishana nao walikuwa nazo. Ila “bila magari” haina maana kwamba hukutani na barabara. Kila baada ya muda njia inakatiza barabara ya kijiji, na hapo umewekewa vizuizi vya kukupunguza mwendo. Mara nyingi alama inakuambia wewe ndiye usubiri, si gari. Ukiwa na watoto, hapo ndipo pa kuwaangalia. Kofia ngumu ni lazima kisheria kwa walio chini ya miaka 12. Mkubwa anaamua mwenyewe.

Ukitokea Mâcon unapita mashamba ya mizabibu, kisha ngome ya Berzé-le-Châtel inakuchungulia kutoka kilimani, halafu unafika kwenye mdomo wa handaki la Bois Clair. Lina urefu wa kilomita 1.6. Nje jua la mwisho wa Agosti lilikuwa linachoma. Mita chache ndani tukawa kama tumefungua friji tukaingia. Taa zipo, hafifu, maji yanadondoka kutoka darini na mlio wa matairi unakurudia kutoka pande zote. Nikamweleza dada kwamba majira ya baridi handaki hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo.

“Popo gani?”

“Popo tu, dada.”

“Wasije wakawa wale wa Pemba!”

Akacheka mwenyewe, akafunga zipu ya koti, akatangulia. Asiyejua habari za Popobawa aulize Mzanzibari yeyote. Familia ya Kifaransa iliyokuwa nyuma yetu bila shaka ilijiuliza sisi wawili tunacheka nini gizani. Jambo la kuzingatia hapa: handaki likifungwa, inabidi upande mlima kupitia barabara ya juu pamoja na magari, na hapo maana yote ya safari imepotea. Usije Desemba.

Cluny tulilala kambi ya manispaa, kwenye hema letu. Safi, maji ya moto yapo, majirani kimya. Asubuhi tukaenda kuona abasia, yaani monasteri ya kale. Ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187. Hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo mpaka Roma walipojenga upya la Mtakatifu Petro. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likauzwa na kubomolewa, mawe yakaenda kujenga mengine. Kilichobaki hakifiki hata sehemu ya kumi. Dada, ambaye ni mwanakwaya, alisimama chini ya mnara uliobaki akipima kwa macho mahali ukuta wa mbele ulipokuwa, akakata tamaa. Kiingilio si cha bure, lakini kinastahili.

Kwaya ndiyo iliyotupandisha Taizé pia, kilomita chache mbele. Jumuiya hiyo ya watawa iko juu ya kilima, na hicho kipande kifupi cha kutoka kwenye njia kuu ndicho mlima halisi wa safari nzima. Tulikisukuma kwa miguu. Ndugu wa Taizé husali mara tatu kwa siku kwa nyimbo fupi zinazorudiwarudiwa katika lugha nyingi, na kiangazi vijana hujaa kwa maelfu. Wakenya wengine watakumbuka mkutano wao wa Nairobi mwaka 2008. Hata kama dini si jambo lako, ingia usikilize.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Ufaransa ya vijijini inajifunga mchana. Duka la mkate linafungwa saa sita au saa saba na kufunguliwa tena alasiri, na Jumatatu kijiji kizima kinaweza kuwa kimefungwa, madirisha yamebanwa, hakuna hata paka. Usitegemee mama ntilie wala kibanda cha chipsi. Nunua mkate asubuhi kabla ya kuondoka, na ukipita genge la wakulima nunua jibini la mbuzi la Mâconnais, vile vidonge vidogo vyembamba kwa juu. Likiwa bichi ni laini; likikauka linakuwa gumu na chumvi inapanda. Sisi tulilipenda lililokauka, pamoja na nyanya. Kwa asiyekula nguruwe, uliza kabla ya kununua chochote kilichowekwa ndani ya mkate, kwa sababu vijijini karibu kila kitu kina nyama hiyo.

Maji ni rahisi kuliko unavyodhani. Makaburi ya Ufaransa kwa kawaida yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalijua. Soma kibao kwanza: kikisema “non potable”, jaza ya kunawa uso tu. Dada alikataa kabisa maji ya makaburini. Akavumilia kiu mpaka Cormatin, akanunua chupa kwa bei ya kuudhi.

Njia naipa nyota tano. Kampuni iliyotukodisha baiskeli, ambayo siitaji, naipa mbili, na ya pili ni ya huruma. Tulilipa karibu euro 20 kwa siku kwa kila baiskeli ya kawaida, na dhamana ikazuiwa kwenye kadi yangu ambayo ilichukua wiki kadhaa kuachiliwa. Breki ya nyuma ya dada ililia tangu kilomita ya kwanza. Lakini kilichonikera hasa ni mkoba wa vifaa. Karibu na Saint-Gengoux-le-National nilipata pancha. Nikafungua mkoba, nikabadilisha tyubu vizuri, nikashika pampu: kichwa chake ni cha valvu nene, ya aina ya gari, na tyubu zao zote ni za valvu nyembamba ya Presta. Haviingiliani kabisa. Walikuwa wametukabidhi pampu isiyoweza kujaza tairi lolote tuliloendesha. Mstaafu mmoja akasimama bila kuitwa, akatoa pampu yake, akajaza upepo, akatazama ile yetu, akatikisa kichwa na kutamka neno ambalo sitaliandika hapa. Kwa hiyo ukikodi, kabla hujatoka dukani toa pampu uijaribu kwenye gurudumu mbele ya mwenye duka. Wakikuangalia vibaya, waache wakuangalie.

Kuanzia Buxy hadi Givry mizabibu inarudi pande zote mbili, na vituo vya treni vya zamani bado vimesimama kando ya njia. Kutoka Givry ni mwendo mfupi tu hadi Chalon. Mwenye nguvu anaweza kugeuza safari kuwa duara kwa kushuka kando ya Mto Saône kwa Voie Bleue, njia nyingine ya baiskeli, kupitia Tournus, mpaka Mâcon tena. Mimi nilirudi hivyo peke yangu. Ni tambarare, mto unakuwa jirani yako muda mwingi, lakini upepo ukiwa wa kusini utanyonga kana kwamba kuna mtu ameshika kerieri. Dada alipanda treni ya mkoa na baiskeli yake, akanisubiri Mâcon akiwa ameshaoga.

Kwa anayetokea nyumbani: viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na miadi ya ubalozi ndiyo inayochelewesha, si tiketi. Ukitafuta pa kulala, angalia alama ya Accueil Vélo mlangoni. Wenye nayo wako ndani ya kilomita 5 kutoka njia za baiskeli na lazima wawe na sehemu salama ya kuziweka usiku. Mwezi ningeuchagua Septemba: shule za Ufaransa zimefunguliwa, kambi zina nafasi, na handaki bado liko wazi.