Tahadhari: viti vya MX-5 "vinavyoingia moja kwa moja" kwenye MGB

Wakuu, nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika ili hasira ipungue na nieleze kilichotokea bila kuongeza chumvi. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni akiwauzia wenye MGB, lile gari dogo la zamani la michezo la Uingereza, viti vya Mazda MX-5, gari dogo la michezo la Kijapani, pamoja na breketi (vyuma vya kuunganishia kiti na sakafu) anazosema amezitengeneza mwenyewe. Maneno yake ni yale yale katika kila tangazo: "vinaingia moja kwa moja, bolti nne tu, nusu saa umemaliza." Hakuna kiti cha MX-5 kinachoingia moja kwa moja kwenye MGB. Na breketi alizoniletea zingeweza kuua mtu.

Kwa nini watu tunanasa? MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, magari zaidi ya nusu milioni, na viti vingi vya asili vimechoka. Mpira unaobeba sponji umekauka na kukatika, fremu zimeliwa na kutu. Magari ya mwanzo hayana hata egemeo la kichwa, na ukigongwa kwa nyuma ukiwa kwenye kiti kifupi namna ile, shingo haina pa kujizuia. Viti vya MX-5 ya kwanza, ile iliyotoka 1989, ni vyembamba, vyepesi, na egemeo la kichwa limeungana na mgongo wa kiti. Ndiyo maana kazi hii inapendwa, na ikifanywa na fundi anayejua, ni kazi nzuri. Sina ugomvi nayo hata kidogo.

Nilimpata huyu bwana baada ya kutafuta viti kwa miezi. Picha zilikuwa safi: viti viwili vyeusi ndani ya MGB nyekundu, mshono umenyooka, kila kitu kimekaa mahali pake. Alijibu maswali yangu haraka na kwa upole, akaniita kaka, akaulizia hata hali ya sakafu ya gari langu. Tulipofika kwenye malipo akaniomba tusipitie mfumo wa malipo wa pale alipotangaza, akidai unamkata fedha nyingi na kumchelewesha. Nikimtumia mwenyewe angenipunguzia. Nikatuma nusu. Siku mbili baadaye ikaja gharama ya kufungasha, kisha ya usafiri, kisha ya "breketi za upande wa abiria", ambazo kumbe hazikuwemo kwenye bei ya mwanzo. Kila alichoongeza kilikuwa kidogo, nikaona nikikataa nitapoteza kile nilichokwisha kutoa. Hapo ndipo aliponishika.

Mzigo ulipofika, kosa la kwanza nililiona kabla hata ya kushika spana. Viti vyote viwili vilikuwa vya dereva. Kwenye MX-5 wenzo wa kulaza mgongo wa kiti uko upande wa mlango, na kifungio cha mkanda kiko upande wa katikati ya gari. Ukikihamishia kiti cha dereva upande wa abiria, mambo yanageuka: wenzo unabanwa kwenye ule mgongo wa sakafu unaopita juu ya giaboksi, na kifungio kinatazama mlangoni, kule kule mkanda unakotokea. Abiria wako hawezi kufunga mkanda.

Nikakigeuza kimoja chini juu. Ngozi ya juu ilikuwa mpya, kweli, lakini chini yake kulikuwa na tope kavu kwenye pembe za fremu, na reli moja ilikuwa na kutu hadi kwenye meno ya kufungia. Kiti kile kilikaa majini. Kuna jambo ambalo wengi hawalipimi: kiti kina reli mbili, na kufuli za pande zote mbili lazima zishike kwa wakati mmoja. Changu kilishika upande mmoja tu. Ukifunga breki kwa nguvu, kiti cha namna hiyo kinapinda upande, au kinateleza kwenda mbele wakati mguu wako uko kwenye pedali.

Sasa breketi. Naomba msome sehemu hii polepole.

Sakafu ya MX-5 haifanani na ya MGB. Miguu minne ya kiti cha MX-5 haiko katika usawa mmoja, kwa sababu sakafu ya gari lake ina vinundu vya kuipokea. Ukikiweka kwenye sakafu ya MGB kinayumba, na nafasi kati ya tundu na tundu hailingani na ya reli za MGB. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuunganisha kati ya kiti na sakafu, na kitu hicho ndicho kinachobeba uhai wako. Alichonitumia yeye ni vipande vya chuma bapa. Nilivipima: milimita 2. Matundu yalikuwa marefu kama ufa, ili "yakubali kila gari". Sehemu zilizounganishwa zilikuwa zimechomelewa madoa tu, matatu kila upande. Fundi wangu aligonga moja kwa nyundo ndogo, pigo la kawaida, likaachia.

Kwa kulinganisha, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya mashindano, kwa kiti kilichobadilishwa vishikio vya asili, zinadai angalau sehemu nne za kushikia, bolti zisizopungua kipenyo cha milimita 8, na bati la kuimarisha chini ya sakafu. Unene wa vishikio na wa bati hilo usipungue milimita 3 kama ni chuma au 5 kama ni aloi nyepesi, na eneo la kugusana lisipungue sentimita za mraba 40 kwa kila sehemu. Hatuendi mashindanoni, najua. Lakini vipimo hivyo vinaonyesha watu waliokwisha kuona viti vikingʼoka wanafikiri nini. Na sakafu ya MGB ni bati lililoishi miaka zaidi ya arobaini. Washa ndogo (kisahani cha bolti) chini yake itapenya kama kidole kwenye karatasi iliyolowa.

Kuna jambo zito zaidi. Kwenye MGB, kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye mgongo wa katikati wa gari lenyewe. Kwenye MX-5 ya kwanza, kimefungwa kwenye kiti. Maana yake ni kwamba ukitumia kifungio cha MX-5, nguvu ya mwili wako siku ya ajali haiendi kwenye bodi la gari. Inapita kwenye kiti, inashuka kwenye reli, inaingia kwenye breketi, inafika kwenye zile bolti nne. Kanuni ya 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vishikio vya mikanda, hujaribu mkanda wa sehemu tatu kwa kuvuta niutoni (kipimo cha nguvu) 13,500 kifuani na nyingine 13,500 kiunoni kwa pamoja, na kama kishikio kiko kwenye kiti, inaongezwa nguvu sawa na mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Weka mzigo huo juu ya madoa matatu ya kuchomelea. Muuzaji huyu anawaambia watu watumie kifungio cha kiti kwa sababu "kiko tayari". Tafadhali msifanye hivyo. Acheni mkanda kwenye vishikio vyake vya asili.

Hata bolti alizoweka kwenye mfuko zilikuwa mtego. MGB ni gari la vipimo vya inchi, MX-5 ni la milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, karibu sawa kabisa na ya milimita 8, kwa hiyo jicho halioni tofauti. Lakini meno hayafanani: ile ya inchi yenye meno membamba, iitwayo UNF, ina meno 24 kwa inchi, yaani hatua (umbali kati ya jino na jino) ya takriban milimita 1.06, na ya kawaida ya milimita 8 ina hatua ya 1.25. Ukiilazimisha hii ya milimita kwenye nati ya inchi, inaingia mizunguko miwili hivi halafu inakaza, unadhani ni kutu, unaongeza nguvu, na meno yanaliwa. Juu inaonekana imekaza. Inashikilia kwa uzi. Isitoshe, vichwa vya bolti zake havikuwa na alama yoyote. Bolti ya kazi hii iwe angalau na alama ya 8.8, yaani chuma chenye nguvu ya niutoni 800 kwa milimita ya mraba kabla ya kukatika.

Nilipomwandikia, alisema fundi wangu hajui kazi. Nikatuma picha za breketi iliyovunjika. Akanifungia njia zote. Baada ya siku nne tangazo lilirudi kwa jina jingine, picha zile zile. Nilizitafuta hizo picha kwa kinyume mtandaoni nikampata mwenye ile MGB nyekundu. Hajawahi kuuza kiti chochote. Breketi zake alizichonga mwenyewe, na zilimchukua majuma.

Siku hizi muuzaji huyo ameongeza viti vya MX-5 za kizazi cha baadaye, vyenye mifuko ya hewa ubavuni. Anawaambia wateja wakate nyaya na kusahau. Hapana! Ndani ya ubavu wa kiti kile kuna kilipuzi kidogo ambacho hakifi kwa sababu waya umekatwa. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti, usikate, usipime kwa mita ya umeme, na usimruhusu mtu yeyote kushona upya ubavu ule. Kiache kwa anayejua kukiondoa.

Kama bado unataka viti hivi, na sikulaumu, mwambie muuzaji yeyote akupigie picha ya chini ya kiti, pande zote mbili, kukiwa na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Mwombe video akisukuma kiti mbele na nyuma na kufuli zikishika. Huyu wangu nilimwomba picha ya chini akasema kamera yake imeharibika, na bado nikatuma fedha. Pima pia urefu wako kabla ya kununua: kiti kikikaa juu ya breketi, mapaja yanagusa usukani na macho yanafika kwenye ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Breketi tengenezesha kwa fundi unayeweza kumwendea, gari likiwa mbele yake. Malipo yapitie mahali panapoweza kukurudishia. Na mjulishe bima yako, maana umebadilisha kitu cha usalama.

Viti vyangu vya asili vimerudi garini, na mpira mpya chini ya sponji. Breketi zake sijazitupa. Nimezipiga picha kila upande pamoja na kipimo cha unene na mahali zilipoachia, na yeyote aliyepokea seti inayofanana aniandikie tulinganishe. Kama umekwisha kuzifunga, tafadhali usiliendeshe gari hadi uzivue.