Baiskeli Nzito ya Umeme ya Mjini: Raha Barabarani, Taabu Ngazini

Baiskeli hii ina kilo 28, karibu maradufu ya baiskeli ya kawaida, na baada ya kuitumia kila siku kwa miezi minane nimegundua kwamba uzito huo hausumbui pale ambapo wengi hudhani utasumbua. Mota yake ya wati 250, iliyofungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, haizioni kilo 13 za ziada: kuzipandisha mwinuko wa mita 100 kunahitaji takriban wati-saa 3.5, na hata ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya mota, hicho ni kiasi kidogo sana kwa betri ya wati-saa 500.

Starehe yake ni ya kweli. Usukani umeinuka na kurudi nyuma, kwa hiyo ninakaa wima na viganja havifi ganzi, huku tairi za inchi 2.4, ambazo hazihitaji kujazwa upepo mwingi, zikimeza vishimo kabla mtikisiko haujafika kwenye kiti. Breki za diski zinazotumia mafuta husimamisha mzigo wote huu kwa kidole kimoja au viwili. Chaji moja hunifikisha kilomita 40 hadi 50.

Kasoro inayoniudhi ni kihisio cha pedali, ambacho hutambua mzunguko tu wala si nguvu ya mguu; mota huchelewa kidogo kuanza na huendelea kusukuma kidogo baada ya mguu kutulia, jambo la hatari unapojipenyeza katikati ya watu.

Taabu kubwa huanza pale magurudumu yanapoacha kuviringika. Fremu imeshushwa katikati ili mtu apande bila kurusha mguu, na ni jambo jema, ila kwa sababu hiyo haina bomba la juu la kushika wala la kuegemeza begani. Kwenye ngazi ninalazimika kuikumbatia, pedali ikinigonga goti, na kuchomoa betri hupunguza kama kilo tatu tu.

Kisha kuna pancha ya nyuma. Jioni moja nilikwama saa nzima, kwa sababu gurudumu lenye mota limekazwa kwa nati mbili kubwa zinazotaka spana ya milimita 18, na waya wake hauna budi kuchomolewa kwanza. Fundi aliyenisaidia hakulifungua kabisa: alilaza baiskeli, akabandua upande mmoja wa tairi, akavuta tyubu nje na kuiziba papo hapo. Tangu siku hiyo nabeba viraka na spana.

Mwenye pa kuiegesha chini kwa usalama aichukue bila wasiwasi. Anayeishi ghorofani pasipo na lifti aombe kwanza kuipandisha ngazi chache, kabla hajalipa.