Zahanati yetu ya Chemba: nyota nne kwa sindano ya kila siku 28

Mwanangu ana miaka 11. Mwaka jana aliugua mafindofindo, tukamsukutua kwa maji ya chumvi, yakaisha. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapoa, maumivu yakahamia kiwiko. Bibi yake akasema ni baridi tu. Dodoma mjini wakampima moyo: kumbe ni homa ya baridi yabisi, inayokuja baada ya mafindofindo, na mlango (valvu) mmoja wa moyo umeanza kuvujisha damu.

Sasa kila siku 28 anachomwa penisilini ya benzathini, uniti milioni 1.2, ili koo lisishambuliwe tena na moyo usizidi kuharibika. Nesi wetu ana mkono mwepesi jamani! Anaifumbata dawa kiganjani mpaka ubaridi utoke, anaisukuma polepole huku akimuuliza habari za mbuzi wake. Mtoto anachechemea hadi jioni, basi. Usipofika tarehe yako, anapiga simu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya Machi. Dawa iliisha bila taarifa, tukachelewa siku tisa, na nauli ya boda kwenda kuitafuta ilitoka mfukoni kwangu.

Nendeni mapema. Foleni ni ndefu, na kivuli ni cha mkwaju mmoja.